Karibu Nyumbani, Bi-Bi-Binti

Jumapili, 7 Oktoba 2007

Nimetukanwa nje ya kanisa! Binamu yangu Quincy, mtu mzima mwenye kitambi, anatangaza kwamba kwenye harusi ya mpwa wangu Barasa mwezi wa nne, mimi, msemaji wa ukoo, nilimkaribisha bibi harusi kwa jina la Fancy. Fancy! Yule msichana aliyeachana na Barasa! Bibi harusi anaitwa Jeruto. Jina lake nalijua kama langu.

Uongo mtupu, na sababu yake naijua. Desemba tuna harusi nyingine. Jumamosi hii ukoo unachagua msemaji. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na moja. Nikinyang'anywa, mimi Masinde nitabaki nani? Karani wa machimbo ya udongo mweupe ya Kariandusi, anayerudi nyumbani mweupe kwa vumbi kama mandazi yaliyomwagiwa unga.

Lakini ushahidi ninao! Video ya harusi. Nimewaalika wote kwangu Lanet Jumamosi, waitazame kwenye kompyuta. Quincy amejitolea kuleta TV na DVD yake. Nimemwambia asante, nyumba hii ilishaendelea.

Jumatatu, 8 Oktoba

Nimeijaribu video. Dakika tatu safi kabisa. Kisha ikaanza kukatakata. Mdomo wangu ukafunguka, ukabaki wazi. Sauti ikatangulia, mkono ukafuata baadaye. "Karibu nyumbani, bi-bi-bi-bi..." Hapo hapo ikakwama. Nimerudia mara sita. Mara sita, bi-bi-bi!

Mke wangu Truphosa alicheka mpaka akakalia sufuria. Sikuona cha kuchekesha.

Nimetafakari kisomi. Adui ni vumbi la Kariandusi, ninaloleta mwenyewe kwenye nguo. Kompyuta iko kwenye kabati la sebuleni, kati ya thamosi na picha yetu ya harusi, na lile kasha lake wanaloita CPU limefunikwa kitambaa kimoja tu cha kufuma, cheupe chenye maua. Kimoja! Hata redio ina viwili. Nimemwagiza Truphosa aongeze kingine, kizito, cha uzi wa sweta.

Jumanne, 9 Oktoba

Kitambaa cha pili kiko mahali pake, mbele na nyuma, hakuna tundu lililobaki. Kinapendeza. Video imekatakata dakika ya pili.

Nimeenda mjini kwa Ravi, anayetengeneza kompyuta. Alinipa diski yenye programu nyingine ya kuchezesha video. Akauliza mashine nimeiweka wapi. Nikamwambia kwenye kabati, mahali pa heshima. Akasema, "Boss, na huko inapumua?" Amezoea wateja wajinga. Kompyuta si ng'ombe.

Programu mpya nimeiweka. Bi-bi-bi.

Jumatano, 10 Oktoba

Leo nimegundua: kompyuta imeshiba! Lazima ipunguziwe mzigo. Nikafuta vitu visivyo na maana. Picha mia mbili na zaidi za kwaya zilikuwa humo, watu walewale, midomo ileile.

Kumbe Truphosa ndiye katibu wa kwaya, na picha hizo hazipo kwingine. Jioni nimeletewa ugali. Ugali mkavu! Nilipouliza mboga iko wapi, nikajibiwa kwamba ameifuta, haikuwa na maana.

Video imekatika dakika ya kwanza. Kisha kompyuta ikajizima yenyewe, bila ruhusa.

Jambo moja zuri: paka ameipenda. Amehamia juu ya CPU na hataki kushuka. Nami nimegundua kuwa kikombe cha chai kikiwekwa pale hakipoi. Hizo faida Quincy hana kwenye DVD yake.

Alhamisi, 11 Oktoba

Kitambaa cha tatu. Truphosa amekataa kukifuma, bado ana hasira ya zile picha, basi nimechukua kile cha kochi kubwa.

Nikampigia Ravi simu kulalamika. Aliuliza kama mashine inapata joto. Nikamjibu kwa fahari kwamba haiwezi kusikia baridi, ina vitambaa vitatu na paka. Nikadhani simu imekatika. Kumbe anacheka! Alipopata pumzi akasema, "Masinde, toa hizo blanketi!" Blanketi! Kazi ya mikono ya mke wangu! Nilikata simu. Fundi asiyejua tofauti ya kitambaa na blanketi hawezi kunifundisha kitu.

Jumamosi, 13 Oktoba

Naandika wageni wakiwa wameshaondoka.

Walikuja wote. Shangazi Nasimiyu, mkubwa wa ukoo, akapewa kiti cha mbele. Barasa alikuja na Jeruto mwenyewe. Quincy alikaa karibu na chapati, kama kawaida yake.

Video ikaanza. Sekunde arobaini. "Wa-wa-wa-wa..." Halafu giza, kompyuta imejizima. Quincy akauliza kwa sauti kama mzee ameanza kuimba. Sebule nzima ikacheka. Nikawaambia tunywe chai kwanza.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Shangazi akalalamika kwamba magoti yanamuuma kwa baridi. Truphosa, bila kuniuliza, akamfukuza paka, akavuta vitambaa vyote vitatu kutoka kwenye CPU, akamfunika navyo. Shangazi akasema, "Mama, hii imetoka jikoni? Mbona ina moto?" Kompyuta ikabaki uchi mbele ya wageni. Aibu iliyoje!

Baada ya chai nikaiwasha. Ikatiririka kama mafuta! Dakika moja, mbili, tatu! Nikasimama mbele ya watu wangu, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikamnyooshea Quincy kidole. Na mimi wa kwenye video, nimevaa suti ya kijivu, nikasema kwa ufasaha, kila herufi mahali pake:

"Karibu nyumbani, binti yetu Fancy."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma. Jeruto aliweka kikombe chini taratibu, akaomba ruhusa, akatoka. Barasa akamfuata. Shangazi akasema basi, mambo yameonekana. Msemaji ni Quincy. Huyo Quincy aliondoka na chapati mbili mkononi.

Jumapili, 14 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimefikiri, na sasa naelewa kila kitu.

Kosa ni la Truphosa. Kompyuta ilipokuwa imefunikwa, ilikuwa na adabu: ikifika mahali pabaya, inanyamaza. Ilipovuliwa mbele ya watu ikachanganyikiwa, ikaanza kuropoka. Nimerudisha vitambaa vyote vitatu, na nimeagiza cha nne. Paka naye amerudi.

Lakini mimi ni muungwana. Nimemtumia mke wa Barasa SMS ndefu ya kumwomba msamaha, kwa maneno mazuri, kama msemaji wa miaka kumi na moja. Nimeanza hivi: "Mpendwa binti yetu Fancy, kwa unyenyekevu mkubwa..."

Mpaka saa hii hajajibu. Wasichana wa siku hizi hawana heshima kabisa!