Utelezi Wapigwa Marufuku

Kuanzia Jumatatu, utelezi ulipigwa marufuku rasmi katika barabara zote za Kata ya Elvestad, kaskazini mwa Minnesota. Tangazo lilisainiwa na Verlyn Stensrud, Msimamizi wa Barabara, aliyekuwa akitetea kiti chake kesho yake kwenye mkutano wa mwaka wa Machi.

Alikuwa ameleta amani. Kambi ya chumvi, iliyotaka barafu ya barabarani iyeyushwe, na kambi ya mchanga, iliyotaka imwagiwe mchanga magurudumu yashike, zilikuwa hazisalimiani hata kanisani, naye akazipatanisha kwa Azimio la Uwiano wa Vimwagwa: upande wa kupanda kilima upewe mchanga, wa kushuka upewe chumvi. Kushuka kwa upande wa mchanga, hata kwa miguu, kukawa kosa. Wananchi walimwambia, "Mh, hiyo ni tofauti." Huko kwao, hilo ndilo tusi kali kuliko yote yanayoruhusiwa mbele ya watoto. Stensrud alishukuru kwa pongezi.

Jumanne kukawa na baridi ya kukata masikio, ile ambayo chumvi haiyeyushi kitu, inakaa tu juu ya barafu. Mkutano ulikuwa shuleni, chini ya kilima. Stensrud aliwaita kwanza wafuasi wake wote ofisini kwake kileleni, ili wale keki ya ushindi. Walipanda raha mustarehe. Kushuka ndiko kulikokuwa na kazi: gari la kwanza lilizunguka likatazama lilikotoka, kisha likalala mtaroni. Dereva alitoka mzima, akarudi kwenye keki.

Stensrud alimpigia simu mkewe, Marlys, aliyekuwa shuleni.

"Mama, waambie watusubiri. Tumekwama!"

"Tumesubiri, baba. Kahawa imekwisha. Si mpite upande wa mchanga?"

"Ni kosa! Askari Dwight yuko hapa na sare yake, anatukodolea macho."

"Dwight si ulimwajiri mwenyewe?"

"Nimemkumbusha. Akanisomea Azimio."

"Pole."

"Kura je?"

"Zimepigwa."

"Nani kapita?"

"Mimi," alisema Marlys. "Walinisukuma tu nigombee. Nimeapishwa sasa hivi."

Stensrud alikumbuka kwamba huyu ni mke wake wa ndoa, akachangamka.

"Hongera, mpenzi! Basi lifute Azimio, tushuke."

"Ombi lako limepokelewa," alisema Msimamizi wa Barabara. "Litajadiliwa kwenye mkutano ujao, Machi mwakani."