Mji Mkuu Uhamie Kibarani

Ndugu Mhariri,

Salamu za mwaka huu wa 1988 kutoka Kibarani, Kilifi, ambako mbu hawajambo na joto nalo ni zima. Mimi ni Joram Musyoka, muuza maziwa ya mala, yale yaliyochachushwa. Nilikuja pwani na debe moja. Leo ninayo kumi na manane, na sikurithi hata kifuniko. Nikilalamika, basi, si kwa uvivu.

1. Mke wangu Nduku, ambaye ni karani wa serikali, alihamishiwa Nairobi, na huu ni mwezi wa tatu tangu aondoke. Nikiuliza sababu naambiwa kazi iko mji mkuu. Bwana Mhariri, mimi nilimtolea mahari Nduku. Mji mkuu sikuutolea hata kuku.

2. Katika duka la Bwana Anil kuna ramani ukutani. Niliipima kwa rula. Kumbe wenzetu wameweka miji mikuu yao mpakani! Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, mto katikati, kama mke na mume waliogombana wakabaki kitanda kimoja. Bangui nayo ng'ambo yake ni Zaire. Lome imeegemea Ghana. Maseru, ukipiga chafya, nchi jirani inakuombea afya. Wetu umejificha huko bara, hauna hata wa kumwomba chumvi!

3. Anil alinicheka. "Musyoka, sasa Kilifi iko mpaka na nani?" Nikamwambia: na Bofa. Kule mahotelini Wajerumani wamejaa hata jirani yangu Kadzo anauza madafu kwa Kijerumani, na mimi nikipita na baiskeli yangu bawabu ananiuliza natoka wapi, naenda wapi, nimebeba nini. Kama huo si mpaka, ni nini? Na feri ya kuvukia maji tunayo, kama Kinshasa na Brazzaville.

4. Kumrudisha Nduku peke yake wameshindwa, eti utaratibu. Basi na waulete mji mkuu wenyewe, Nduku akiwa ndani yake. Wizara mbili zitaenea katika stoo ya Anil, nimepima. Bunge likae kwenye banda la feri, maana pale watu wamezoea kungoja. Ila kwangu isipangwe wizara yoyote: chumba chenye ubaridi ni cha kulala, na madebe yangu yote yamo humo tangu juma la harusi.

La tano sina, lakini haya manne yana uzito.

Nisalimie wapiga chapa wote, na yule anayesahihisha makosa, apumzike leo.

Ni mimi, ninayelala peke yangu kwa sababu ya jiografia,

Joram Musyoka

Nyongeza: Jedida, dada yake Nduku, ameisoma barua hii akacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, mji mkuu umekukosea nini? Nduku aliomba uhamisho mwenyewe! Amechoka kunuka mala hata kanisani. Yatoe hayo madebe uone kama hatarudi na basi la kwanza." Nimeyatoa chumbani nikayapanga uani, yote kumi na manane. Tafadhali Nairobi ibaki palepale ilipo. Lakini kama kuna wizara ndogo yenye chumba cha baridi, hiyo iletwe upesi, jua linapanda.