Gesi ya Maganda na Gari la Mikate

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shemeji kaja tena na lori lake la taka. Hakuwa na taka za kuchukua. Kaja kuliegesha mlangoni kwetu ili majirani waone. Ni lori jipya la manispaa, linatembea kwa gesi inayotokana na taka zilezile linazobeba. Linakula mzigo wake! Mama mkwe, anayeishi nasi tangu mwaka juzi, kalipapasa boneti kama anampapasa mjukuu. Kasema mwanawe ana akili. Kisha kanitazama mimi, mume wa bintiye. Kalirudia boneti. Afadhali angenitukana.

Mimi nasambaza mikate. Gari langu naliita Kibogoyo, maana meno ya mbele aliyaacha kwenye ukuta wa benki. Wiki iliyopita kaniishia petroli njiani mara mbili. Mama Mikate, mwenye kiwanda cha kuoka, kanionya: nikiharibu mara mbili nyingine, wateja wangu wote anampa Bajaji, yule jirani yetu wa pikipiki ya magurudumu matatu. Miaka tisa ya kazi! Bila mikate mimi ni mtu mwenye gari tu, na gari haliliwi.

Nimekata shauri. Nitatengeneza gesi yangu mwenyewe. Taka ni taka. Za kwangu zina kasoro gani?

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata tangi kubwa la plastiki na mapipa matatu ya samadi ya ng'ombe. Nimevisimamisha vyote nyuma ya jikoni. Mke kauliza kama kweli hakuna mahali pengine. Hakuna.

Shemeji kanieleza bila kuombwa. (Nilimwomba, lakini si kwa urefu ule.) Taka zinaoza ndani ya tangi lisiloingia hewa, gesi inapanda juu. Kiwandani kwao wanaiosha kwanza, kuondoa uvundo na ile hewa isiyowaka, inabaki methani tupu, ndipo wanaishindilia kwenye mitungi ya chuma. Nikamwambia kuosha gesi ni mambo ya watu wenye mshahara. Kasema basi angalau nikumbuke moja: tangi ni tumbo. Nililishe kikapu kimoja kwa siku, basi. Nikaitikia. Mtu akikufundisha, mwitikie aende zake.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Wauza matunda wa sokoni wamenipa magunia manane ya machungwa na mananasi yaliyooza. Bure! Nimepiga hesabu: kikapu kimoja kwa siku ni siku arobaini. Siku arobaini! Nimemwaga yote kwa mpigo.

Mke kauliza kaka yake alisemaje. Nikamjibu kaka yake ni dereva. Kasema haya. Simpendi mke wangu akisema haya.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Gesi ipo! Fundi wa mahema kanitengenezea mfuko wa plastiki nene, mpana kama godoro la watu wanne, nao umetuna.

Haiwaki.

Nimemaliza kiberiti kizima. Shemeji kaja, kanusa, kauliza nimelilisha nini. Nikasema kidogo tu. Kafungua kifuniko, kaona mananasi yanamtazama. Kasema tumbo limechachuka, linatoa hewa isiyowaka. Niongeze samadi na majivu, kisha nisililishe kitu chochote mpaka litulie. Kaleta jiko kuukuu la gesi, la moto mmoja, kaliunganisha na tangi kwa mpira, hapo nyuma ya ukuta wa jikoni. Nipime kila asubuhi. Moto ukiwa wa bluu, tayari.

Mama mkwe kafuatilia kila hatua. Kauliza hata kitufe kinazungushwa upande gani. Sikujua kama anapenda sayansi.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Bluu! Bluu safi!

Nimekwenda gereji moja kwa moja. Fundi kamfunga Kibogoyo kifaa cha kuchanganya gesi na hewa, na mfuko kaufunga juu ya paa. Tangi la petroli nimeling'oa. Shemeji kanisihi niliache, litanifaa siku ya shida. Nikamwambia anaogopa nitampita. Kachekea pembeni. Na acheke.

Jumatano, tarehe 2 Aprili

Safari ya kwanza. Kibogoyo kaondoka! Watu wamesimama barabarani. Dereva wa teksi kaniuliza nahamia wapi na godoro. Wivu.

Mteja wa kwanza, hoteli ya karibu na stendi. Mpishi kafungua mlango wa nyuma wa gari, kaufunga. Kaniuliza mikate imekufa lini. Kumbe mpira wa gesi niliupitisha ndani, katikati ya kreti, na unavuja, na gesi isiyooshwa inanuka mayai viza. Nusu ya mzigo umerudi.

Mama Mikate kanusa mkate mmoja, kauweka mezani taratibu. Kasema imebaki mara moja. Jumamosi kuna mikate mia tatu ya hospitali, na wagonjwa wanakunywa chai saa moja kamili. Nikamwambia aondoe wasiwasi. Kasema wasiwasi ndiyo akili.

Ijumaa, tarehe 4 Aprili

Mpira sasa unapita nje. Nimeuziba vizuri. Tatizo jipya: gari nalilaza kando ya tangi, limeunganishwa, ili mfuko ujae. Jioni unatuna. Nikirudi kuutazama umelegea. Kuna mwizi!

Ni Bajaji, nani mwingine? Anataka wateja wangu. Asubuhi nimenyunyiza unga kuzunguka tangi nimnase kwa nyayo, nikaenda kununua gundi. Kurudi, mama mkwe kashafagia. Kasema unga ni wa kula. Sikubishana. Mama mkwe habishiwi.

Kanipakulia maharage. Laini ajabu! Wiki hii yote yanaiva upesi, na gunia la mkaa liko vilevile, halijafunguliwa. Nadhani ni maharage ya mavuno mapya.

Nikiwa natoka nimemwangalia Bajaji kwa jicho kali. Kanisalimia, kauliza hali ya watoto. Mnafiki mkubwa.

Jumamosi, tarehe 5 Aprili

Nimepakia alfajiri. Mfuko ulikuwa umelegea kidogo. Nikasema moyoni, hospitali si mbali.

Mlima wa hospitali ni mfupi. Kibogoyo kapanda nusu, kakohoa, kanyamaza. Lango nililiona kwa macho yangu. Kisha sikuliona tena, maana mfuko uliishiwa pumzi, ukateleza kutoka juu ya paa ukafunika kioo chote. Petroli ningeiweka wapi? Tangi liko gereji. Nimekaa gizani ndani ya gari langu, saa moja kamili ya asubuhi, nimefunikwa kama maiti.

Bajaji ndiye aliyenifunua. Kabeba mikate yote kwa safari tatu. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Wagonjwa wamekunywa chai saa mbili na nusu. Mama Mikate kaja mwenyewe, hakugomba, kampa Bajaji karatasi yenye majina ya wateja wangu, palepale mbele yangu. Nikakaa juu ya kreti tupu. Nimeona aibu, na nimeumia, sitaficha. Miaka tisa!

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikazunguka nyuma nilipige tangi teke. Mama mkwe yupo kwenye kigoda. Sufuria la maharage juu ya lile jiko la moto mmoja. Moto wa bluu!

Nikamwamkia. Kaitikia kwa furaha. Kasema tangu jiko hili lije hajakohoa hata siku moja, anapika alfajiri, anapika mchana, halafu maji ya kuoga. Kasema miaka kumi na minne alinidhania mvivu, kumbe mimi, mkwewe, nilikuwa nampangia raha kimyakimya. Kanishika mkono. Kaniombea maisha marefu.

Nikaipokea dua. Nikasema: nilitaka kukushtukiza, mama.

Jumapili, tarehe 6 Aprili

Mama Mikate kaja kuchukua kreti zake. Mama mkwe kamvuta nyuma ya jikoni hata kabla hajaketi, kamwonyesha moto wake. Mama Mikate kainama, kauchungulia moto. Kisha kauliza kama kitu hiki kinaweza kuwasha joko la mikate. Ana magunia ya mikate mikavu na unga uliochacha, na kuni zinammaliza.

Kazi ni yangu! Nijenge tangi kiwandani kwake, nilisimamie. Masharti mawili: joko liwake kabla ya mwezi kwisha, na nifuate maneno ya shemeji, kikapu kimoja kwa siku. Safari hii hakuna tena mara moja nyingine. Mke wangu kalia kidogo, kageukia ukutani nisimwone. Shemeji kanipa mkono. Kasema kila mtu hujifunza kwa makosa. Nikaitikia.

Jumanne, tarehe 8 Aprili

Tangi la kiwandani limesimama, kubwa mara tano ya langu. Shemeji katia samadi, kaandika kwa chaki ukutani, herufi kubwa: KIKAPU KIMOJA KWA SIKU. Kapanda lori lake, kaenda.

Nimehesabu mikate mikavu. Magunia ishirini na mawili. Kwa kikapu kimoja kwa siku nitamaliza mwishoni mwa Julai. Julai! Na joko liwake mwezi huu? Watu hawapigi hesabu. Tena haya si machungwa. Mkate haujawahi kumchachusha mtu tumbo.

Gesi itazidi, kwa hiyo nimeshatoboa ukuta, tundu dogo tu, la kupitishia mpira wa Kibogoyo. Shemeji si lazima ajue.

Mama Mikate kaenda benki, atarudi saa nane. Mama mkwe kaniletea chakula cha moto kwa mkono wake, kaniita fundi, kaondoka. Hapa naandika nimeketi juu ya gunia la kumi na tisa. Yaliyotangulia yameshaingia tangini. Maandishi ya chaki nimeyafuta, yasije yakamchanganya mtu.