Macho Yangu Hayana Kasoro

Jumatatu, 6 Mei
Tangazo limebandikwa kiwandani. Dereva wa mkurugenzi anastaafu. Madereva wote wa mikate tutapimwa macho Ijumaa, kisha mmoja wetu atateuliwa. Gari jipya! Kiyoyozi! Miaka kumi na moja ninanuka hamira, nafasi hii ni yangu.

Tangazo sikulisoma mwenyewe. Wachapaji siku hizi wanabana wino. Alinisomea Kipara, dereva mwenzangu na mpinzani wangu wa pekee, pua yake ikigusa karatasi. Maskini. Huyo amekwisha.

Mke wangu alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Akanikumbusha kwamba juzi nililiamkia tangi la maji lililo getini kwa mama yake. Nikamweleza kwamba kwa umbali ule, na kwa unene ule, yeyote angedhani ni mama yake.

Chakula kilichelewa sana.

Jumanne, 7 Mei
Mke wangu ananishauri nipimwe kama watu wengine, nikiambiwa nivae miwani nivae, yaishe. Mimi! Mwaka wa tatu huu ninamwita mhasibu wetu Macho Manne mbele za watu. Huu uso nitauweka wapi? Halafu mkurugenzi gani atamkabidhi mtu wa miwani gari jipya?

Nina mpango. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anafanya usafi kwenye kliniki ileile tutakayopimwa. Nimemwomba aninakilie ule ubao wa herufi. Akakubali kwa sharti moja tu, kwamba nisimwite tena Redio. Nimekubali. Inaniuma.

Jumatano, 8 Mei
Redio (humu daftarini haoni) ameleta karatasi. Ubao wote ni herufi E tupu, kubwa juu, ndogo chini, zimegeuzwa huku na huku. Mtu unaulizwa miguu ya E inaelekea wapi, unajibu. Rahisi! Amesimama mbele ya ubao na kitambaa cha vumbi mkononi, akaandika moja baada ya nyingine, mistari yote minane. Kwa mwandiko mkubwa, kwa kunihurumia.

Kulia, juu, kushoto, kushoto, chini. Nimekariri nikinyoa ndevu. Nimekariri nikiendesha. Nikitamka kushoto, mkono nao unakata kushoto. Mikate ya hospitali imefikia gereji. Mafundi wameshukuru sana.

Alhamisi, 9 Mei
Kipara kanivuta pembeni. Anasema anaogopa, siku hizi taa za barabarani anaziona zimeota manyoya, kesho atamweleza mpimaji ukweli wote. Nikampiga bega, nikamwambia huo ndio uanaume. Nilipofika stoo nikacheka peke yangu.

Taa zangu pia zina manyoya. Lakini hayo ni mavumbi.

Ijumaa, 10 Mei
Nimepimwa. Nimeng'ara! Karibu nusu.

Chumba chenyewe kidogo, hatua nne umegota ukutani. Nikakalishwa kwenye kiti, nikaona mbele yangu kitu kinang'aa. Mpimaji, mama mmoja mpole, alisimama nyuma yangu akaanza kugonga ubao kwa kijiti. Mbona nyuma? Sikuuliza. Fimbo sikuiona, lakini masikio ninayo. Ko! Kulia. Ko! Juu. Ko! Kushoto. Nilishuka mistari yote minane bila kuvuta pumzi, hadi vile vijidudu vya mwisho.

Mpimaji akashusha kijiti. Kisha akasema tangu aanze kazi hajamwona mtu wa kuusoma mstari wa nane. Juu na chini nimepata zote. Kulia na kushoto nimekosa zote. Zote kabisa!

Ndipo akanieleza. Chumba ni kifupi, kwa hiyo ubao uko nyuma ya mgonjwa, na mgonjwa anausoma kwenye kioo kilicho mbele yake. Kioo kinageuza. Na Redio kauandika ubao, hakuandika kioo! Nilimlaani kimoyomoyo, yeye na dekio lake.

Mpimaji akaniuliza taratibu kama kuna jambo ningependa kumwambia. Nikasema hakuna. Akaniomba ninyooshe mkono wa kulia. Hapo akili yangu ilifanya kazi kama umeme. Kama kulia zangu zote ni kushoto, basi jibu ni kugeuza!

Nikanyoosha wa kushoto, juu kabisa, kwa kujiamini.

Aliandika kwa muda mrefu.

Jumatatu, 13 Mei
Majibu yamesomwa mbele ya wote. Kipara: macho hafifu, avae miwani, kiwanda kitamnunulia. Mimi: macho ya ajabu, hahitaji miwani, ila hatofautishi kulia na kushoto, asikabidhiwe gari la aina yoyote.

Wenzangu walipiga makofi. Mhasibu alipiga zaidi.

Mchana Kipara akatoka na miwani yake mipya. Akasimama uani akiutazama mti kama mtu aliyefufuka, akisema kumbe majani yanahesabika. Mkurugenzi akapita, akasema anampenda mtu anayejijua, akampa ufunguo. Mimi nimepelekwa stoo kukunja magunia.

Mke wangu hakucheka safari hii. Kasema nirudi kwa yule mama nimwambie ukweli, nipewe miwani, nirudishiwe gari langu. Anasema maneno matatu tu: mama, sioni vizuri. Nikamwambia nitafikiria.

Jumatano, 15 Mei
Nimefikiria. Nimeomba kupimwa upya, nimekubaliwa, Jumatatu ijayo. Nimerudi kwa shemeji na karatasi safi na kalamu nene. Safari hii nimemkalisha kitini pale kliniki, aandike kila kitu kutoka kwenye kioo. Kushoto, juu, kulia, kulia, chini. Sipitwi tena!

Wakati ninakariri alikuwa ananisimulia eti wikiendi hii wanahamia jengo jipya, chumba kirefu, ubao ukutani mbele, kioo wanakiacha hukohuko. Sikumsikiliza. Akianza huyo, hana kituo.

Jioni nikipita kwao nimemwamkia mama mkwe getini. Hakuitika. Bado amenuna.