Kiingereza cha Tiketi na Mlango Wenye Feni

Jumatatu, 3 Juni
Mlango wa wageni uko wazi! Bosi wetu, Bi Hợi, katangaza leo hapa kwenye ukumbi wetu wa vikaragosi vya majini: atakayejua Kiingereza cha kila sehemu ya tiketi ifikapo Jumamosi, mlango ni wake. Koti la buluu. Feni! Mimi huchana tiketi mlango wa wenyeji, jua lote la Hanoi ni langu. Jioni mama mkwe kaniuliza kazi inaendaje, kwa ile sauti yake. Maneno yakaniponyoka: mlango wa wageni nimeshapewa. Akasema basi Jumapili anakuja kujionea kwa macho yake. Nimekwisha.

Jumanne, 4 Juni
Kiingereza hakiingii. Kila kitu kwenye tiketi kina jina! Safu ina lake, kiti kina lake, kishina kinachobaki kitabuni kina lake. Na ule mstari wa vitundu tunapochania, jina lake refu kuliko tiketi yenyewe. Nimebuni mbinu: kila neno nalibandika mwilini. Vitundu shingoni. Safu kifuani. Kiti makalioni, wapi tena? Nikafanya mazoezi uchochoroni, najishika, najipiga. Jirani akauliza kama nimeingiliwa na siafu. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Juni
Thoa wa dirisha la tiketi naye anautaka mlango. Kanitajia sehemu zote huku anatafuna mbegu za alizeti. Kisha akaniambia, kaka Khoát, wewe nenda kalale tu. Kalale! Haya. Kila muuzaji hapa anajua: mteja wa kwanza ndiye anayeipa siku bahati au nuksi. Nimemtafuta binamu yangu Tẹo. Huyo sokoni akisogelea meza ya mtu asubuhi hufukuzwa kwa ufagio, mkosi wake unajulikana. Nimempa bakuli la tambi za samaki. Kazi yake: Jumamosi awe wa kwanza dirishani kwa Thoa, abishane bei, aondoke bila kununua. Akili hizi nimezaliwa nazo.

Jumamosi, 8 Juni
Thoa akaniomba nimshikie dirisha, anaenda msalani mara moja. Nikakaa. Nani anatokea? Tẹo! Namkonyeza, nampungia mkono aondoke. Yeye anadhani namhimiza. Akabishania bei ya tiketi kama ananunua kuku, akasema ninyi wezi wakubwa, akaenda zake. Mwaminifu, mshenzi yule! Nuksi yote juu yangu, na Bi Hợi yuko njiani na maswali yake. Dawa yake ni moja: unawasha karatasi, unaizungusha, unaifukuza nuksi kwa mdomo. Nikashika karatasi ya karibu, nikawasha. Toka! Toka we!

Kilikuwa kitabu cha tiketi za wageni.

Bi Hợi akaumwagia moto chai yake. Vilibaki vishina tu. Akaninyooshea kimoja, akauliza taratibu, na hiki Kiingereza chake nini? Stub, nikasema. Sahihi! Sehemu nyingine za tiketi zilikuwa majivu, lakini Thoa, aliyekwisharudi kutoka msalani, akazitaja zote kwa kichwa, akavalishwa koti palepale.

Jumapili, 9 Juni
Nikamlilia Thoa. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanivalisha koti, akaniachia mlango hadi mama mkwe apite. Ana roho nzuri, sikatai. Mama mkwe akafika, akasimama mbele ya feni, akanitazama kuanzia koti hadi viatu. Akasema kumbe mwanangu hakuolewa na gogo. Machozi yalinilengalenga jamani. Ningenyamaza hapo. Lakini upepo wa feni ulikuwa mtamu, nikamwambia Kiingereza si kitu, hapa wananitegemea zaidi kwa Kifaransa. Akashika kifua kwa furaha. Kumbe ana wifi aliyekulia Paris, anafika Jumamosi, na atamleta hapa mlangoni tuzungumze. Nimesema amlete na mumewe pia. Kifaransa kitanishinda nini? Tiketi ni ileile.