Upinde Wangu Usiokwaruza

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Ijumaa Mwalimu wa fidla anachagua wapigaji wa ufunguzi wa maktaba Jumamosi, nami nitakuwemo! Shule nimemaliza, kazi sina, nyumbani naitwa "yule wa chumbani". Basi! Tatizo ni mkono wa kulia tu. Mwalimu anataka upinde ukate nyuzi kwa mstari ulionyooka, kifundo cha mkono kiwe laini, kidole cha mwisho kijikunje. Wangu unakwenda mrama. Binamu yangu Malkia (jina alilopewa kwa maringo yake) tunasoma fidla pamoja. Ameuliza kama namchinja kuku. Jibu zuri lilinijia baadaye, bafuni.

Jumanne, 4 Machi
Nimefunga kiwiko kwenye kiti kwa mtandio wa Mama. Upinde ukanyooka! Mlango ukagongwa. Nikainuka, kiti nacho kikainuka. Alikuwa fundi cherehani wa ghorofa ya chini. Alinitazama, akasahau alichofuata, kisha akakumbuka: eti mwanangu, wateja wangu wanashonesha nguo za furaha, mbona wanauliza nani kafariki? Niliona haya mpaka masikioni.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua! Bawaba ya mlango ilikuwa inalia, Baba akaipaka mafuta, ikanyamaza. Sasa kwa nini Mwalimu anatupakisha ulimbo kwenye upinde, kitu kinachonata? Namheshimu, ila hapo kakosea. Nimepaka singa zote, zile nywele za upinde, mafuta ya nywele ya Shangazi. Unateleza kama kambare! Hakuna mkwaruzo. Sauti pia hakuna, lakini jambo moja kwa wakati wake.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi kutwa mbele ya kioo. Mkono unaelea. Fundi cherehani kanisifu ngazini kwa adabu. Mama kamnong'oneza Shangazi kwamba nimeacha fidla, Mungu ni mwema. Waache. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ijumaa, 7 Machi
Tulianza kupiga wote pamoja. Mwalimu akatusimamisha, akawaambia wenzangu wautazame mkono wangu. Umenyooka! Laini! Malkia alitazama, midomo kaibana. Kisha nikaambiwa nipige peke yangu. Nikapiga. Mwalimu akainamisha sikio. Akasogea. Akagusa singa, akanusa kidole, akakaa kitini. Malkia alicheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu akaeleza taratibu kwamba ulimbo ndio unaoshika uzi ukalia, na singa zangu zimeharibika kabisa. Akawaza. Akasema wapigapicha watakuja, na hajaona mkono mzuri kama huu. Nikae mbele, na tafadhali sana nisibadilishe chochote hadi hafla iishe.

Jumamosi, 8 Machi
Kiti cha mbele maktabani! Malkia nyuma yangu! Mama alilia. Fundi cherehani alipiga makofi kuliko wote, akasema hajawahi kunisikia nikipiga vizuri hivi. Mwalimu anasisitiza Jumatatu niweke singa mpya na ulimbo. Mtu mwema, ila mkaidi. Nitamwomba kipande cha kupiga peke yangu. Malkia nitamfundisha nikipata nafasi. Maskini, yeye bado anasikika.