Makubadhi Mlangoni kwa Mzee Abdulhalim

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Nimeanza mazoezi ya kuchunguza watu na kutoa hoja. Sababu ni Nasiha, mwalimu wa madrasa hapa Kibokoni. Ijumaa shangazi Mwanakuu ananipelekea posa kwao. Babake, Mzee Abdulhalim, hupenda watu wenye akili. Mimi ni karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, mwaka wa kumi na moja sasa. Lazima niongeze kitu.

Kazini nimemwambia Mbeyu, mwenzangu wa mezani, kwamba kwa alivyokaa upande, ana huzuni ya mapenzi. Akasema ana jipu. Kwa zoezi la kwanza si haba.

Jumanne, 9 Septemba
Baada ya alasiri nimepita mlangoni kwa Mzee Abdulhalim mara nne. Mara ya nne, makubadhi ya kiume kizingitini! Kisigino cha kulia kimelika, ukanda umeshonwa kwa uzi wa buluu. Ya Huzaifa, fundi saa. Nayajua, jana niliyachunguza barazani. Ndani udi wanukia. Mwanamume anacheka.

Hoja: kijana hakaribishwi kwenye nyumba yenye binti, akafukiziwa udi, ila kwa posa. Huzaifa amenitangulia. Sikuuliza mtu. Mchunguzi haulizi.

Jumatano, 10 Septemba
Nimewaeleza wenzangu barazani, hatua kwa hatua. Kisigino, uzi, udi. Watu saba wamesikiliza hadi kahawa ikapoa. Jamaldin, muuza kahawa, amesema hajapata kusikia hoja iliyopangwa hivi. Kwa dakika kumi nilisahau kwamba nimekosa mke.

Shangazi nimemwambia asijisumbue na posa. Akanitazama sana, akarudi jikoni.

Alhamisi, 11 Septemba
Kumbe. Mzee Abdulhalim, kwa macho yake mabovu, alitoka msikitini na makubadhi ya mwenziwe. Huzaifa alirudi kwao miguu mitupu. Udi ulikuwa wa kufukiza nguo. Kicheko ni cha redio.

Shangazi ndiye aliyeniletea habari. "Mwanangu, si ungeuliza tu?"

Nimemwomba aende kesho kama tulivyopanga. Amekubali, ila kwa uso mzito. Mtoto wa watu ameshatajwa barazani, asema, na jina alilotajwa nalo si langu.

Ijumaa, 12 Septemba
Shangazi amefika kwa Mzee Abdulhalim saa kumi. Mamake Huzaifa alikuwa ndiyo kwanza anatoka.

Huzaifa hakuwa na nia yoyote. Amepewa hongera na nusu ya mtaa, akaenda kwa mzee kuomba radhi na kuchukua makubadhi yake. Akapewa kahawa. Mzee akalalamika kwamba jina la bintiye limezagaa. Huzaifa akaona njia ya kulisitiri ni moja, na mamake akaona msichana anafaa. Nasiha ameulizwa, ameridhia. Wanasema alitabasamu.

Miaka miwili nimempenda. Inauma, sitaficha.

Jumapili, 14 Septemba
Nimelipima jambo kwa utulivu. Jumanne nilijua kwamba Huzaifa anamposa Nasiha. Huzaifa amemposa Nasiha. Nimekosea siku tatu tu. Kwa mwanafunzi wa wiki moja, ni kipaji.

Asubuhi Nasiha amenipita njiani bila salamu. Aliponiona akashusha ushungi usoni, akaharakisha. Mwanamke hamfichi uso mtu asiyemjali. Hoja iko wazi: ananipenda mimi.

Jioni nitawaeleza barazani.